Unanunua gari jipya la umeme? Kabla hujalipia kinga ya rangi, soma hii kwanza

Unakumbuka rimoti ya televisheni ya kwenu? Yetu ilikaa ndani ya nailoni miaka sita. Nailoni ikachakaa, ikaingia weusi pale vidole vinaposhika, namba 5 ikawa haionekani tena, lakini ole wako uitoe. Makochi nayo yalivaa vitambaa, na siku ya wageni vitambaa vikavalishwa vingine. Hata bodaboda mpya ikitoka dukani hapa mjini Kakamega, kiti kinabaki na plastiki yake mpaka jua liipasue lenyewe.

Sisi ni watu wa kulinda kitu kipya. Wala si ushamba. Ni vile tu kitu kipya hukipati kila siku.

Sasa chukua hiyo tabia, uipeleke kwa muuza magari Nairobi, umkalishe mbele ya mtu mwenye kalamu na karatasi ya bei. Hapo ndipo doo zako huanza kutoka bila wewe kujua zimeenda wapi.

Nakuambia hivi kwa sababu ilibaki kidogo yamfike senje yangu. Kwa wasee ambao hamjui Kiluhya, senje ni shangazi, dada ya baba, na kwetu neno lake halipingwi ovyo. Alistaafu ualimu, sasa ana duka la kushona sare za shule hapa mjini. Kila wiki anapeleka mzigo Malava, Shinyalu, wakati mwingine hadi Butere. Gari lake kuukuu lilikuwa linakunywa petroli kama ng'ombe aliyefika mtoni baada ya kiangazi. Kwa hivyo alipopata pesa zake za kustaafu, alitangaza mbele ya familia nzima kwamba ananunua gari la umeme. Na si la mtumba. Jipya.

"Nimenunua mitumba maisha yangu yote," akasema. "Hili moja nataka liwe langu kuanzia kilomita sufuri."

Nani angembishia?

Mimi kwa familia ndiye mtu wa mtandao. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna mjomba mmoja ambaye hajanisamehe mpaka leo, lakini simu ikigoma ama mtu akitaka kununua kitu kikubwa, ni mimi hupigiwa. Senje akanitumia picha ya karatasi ya bei kwa WhatsApp. Bei ya gari, sawa. Bima, sawa. Usajili, sawa. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo: kinga ya rangi, miaka 5, Sh148,000.

"Hii ni nini," akaniuliza, "na mbona wameshaijumlisha?"

Tulimpigia muuzaji. Jina la kampuni naliweka mfukoni, maana mchezo huu hauchezwi na kampuni moja. Kijana alikuwa na adabu zake, hilo siwezi kumnyima. "Mama," akasema, "hili ni gari la umeme. Rangi yake ni laini, si kama ya magari ya petroli. Bila kinga, barabara za huko kwenu zitaimaliza."

Huko kwenu! Senje alinyamaza kidogo. Mwalimu wa miaka zaidi ya thelathini akinyamaza hivyo, jua kuna mtu atasimama mbele ya darasa.

Lakini tatizo halikuwa maneno. Tatizo lilikuwa hesabu. Akishalipia gari na bima, senje alikuwa anabaki na kama Sh170,000. Na fundi wa stima alikuwa amekuja nyumbani wiki hiyo hiyo, akapima kutoka kwa mita hadi kibanda cha gari, akasema kuvuta waya mnene, kuweka swichi ya usalama, waya wa kushuka ardhini na chaja ya ukutani, jumla ni Sh115,000. Kwa hivyo ilikuwa ni kimoja kati ya viwili: gari ling'ae, ama gari lichajiwe vizuri. Akichukua kung'aa, angekuwa anachaji kwa waya wa ekstensheni unaopitia dirisha la sebule. Na wewe unajua ekstensheni za hapa kwetu. Ukipiga pasi dakika ishirini zinapata moto. Sasa fikiria gari linavuta stima usiku mzima.

Hapo ndipo nikaona hii kazi siwezi kuifanya kwa kubahatisha. Nikasoma. Nikauliza mafundi wa rangi. Nikakaa saa nzima pale wanapoosha magari nikiangalia. Haya ndiyo niliyopata, nakupa wewe bure.

Kwanza, hiyo rangi ni kitu gani?

Rangi ya gari si kitu kimoja. Juu ya bati kuna rangi ya msingi ya kushikilia, halafu rangi yenyewe unayoiona, halafu juu yake vanishi isiyo na rangi. Ile inayong'aa ukiangalia gari jipya ni vanishi. Zote kwa pamoja, kwa magari mengi ya siku hizi, ni unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ama zaidi kidogo. Chukua karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia, uishike kwa vidole viwili. Ndiyo hiyo. Vanishi peke yake ni nyembamba kuliko unywele wako.

Kwa hivyo ni kweli, rangi ya gari ni kitu chembamba. Lakini ati rangi ya gari la umeme ni laini kuliko ya petroli? Hapana. Rangi haijui kama chini yake kuna injini ama betri. Kampuni zinazounda magari ya aina zote mbili hupaka rangi kwa njia zile zile. Kuna rangi laini na rangi ngumu, ndiyo, lakini hiyo inategemea kiwanda na aina ya rangi, haitegemei gari linakunywa nini.

Kilicho tofauti kwa gari la umeme ni vitu vingine. Moja, ni zito, kwa sababu ya betri. BYD Atto 3, ambayo ilianza kuuzwa rasmi hapa Kenya mwaka wa 2024, yenye betri kubwa ina kama kilo 1,750. Toyota Vitz uliyozoea kuiona kila kona ina kama kilo 1,000 hivi. Mbili, gari la umeme likikanyagwa linaruka papo hapo, halisubiri injini ipate nguvu. Uzito na mruko huo kwenye murramu maana yake tairi zinarusha kokoto kwa nguvu, zinagonga chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Tatu, betri iko chini, imelala kama godoro chini ya sakafu. Weka hiyo ya tatu kichwani, nitairudia.

Kuna jambo moja zuri pia. Gari la umeme likipunguza mwendo, mota yenyewe hulizuia huku ikirudisha stima kwa betri, kwa hivyo breki hazisuguliwi sana na rimu hazijai ule unga mweusi. Hakuna muuzaji atakuambia hiyo, maana haiuzi kitu.

Kinga ni tatu, na bei zake hazifanani

Ukiambiwa "kinga ya rangi", swali lako la kwanza liwe: ni ipi? Hili neno linabeba vitu vitatu tofauti, na mtu anaweza kukuuzia cha bei ndogo kwa bei ya kile kikubwa.

Cha kwanza ni nta, pamoja na ndugu zake wa kutengenezwa viwandani. Unapaka kwa kitambaa, unasugua, gari linang'aa, maji yanateleza. Nta inakaa wiki kadhaa, hizo zingine miezi kadhaa. Unaweza kujipakia mwenyewe Jumapili baada ya kanisa.

Cha pili ni koti ya seramiki. Hii ni kemikali ya maji maji inayoshikana na vanishi na kukauka ikawa ngumu. Ikipakwa vizuri inakaa miaka, si miezi. Inafanya maji na matope yasishike, inapunguza makali ya jua na kinyesi cha ndege, na kuosha gari kunakuwa rahisi. Lakini nisikize hapa: ni nyembamba sana, nyembamba kuliko vanishi yenyewe mara nyingi. Haizuii jiwe. Mtu akikuambia seramiki itazuia kokoto ya lori, huyo anakuuzia mwavuli wa kuzuia risasi.

Cha tatu ni filamu, ile inayoitwa PPF. Ni plastiki safi, nene kuliko rangi yote ya gari, inabandikwa juu ya bodi. Ilianza kwa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kulinda mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Hiyo ndiyo kinga pekee kati ya hizi tatu inayopokea jiwe kwa niaba ya rangi. Zile nzuri hata zikikwaruzwa kidogo, jua likipiga mkwaruzo unajifuta wenyewe. Tatizo ni bei. Kufunika gari zima ni pesa nyingi sana, na inahitaji fundi ambaye anajua kazi, kwa sababu mwenye papara anaweza kukata filamu kwa wembe juu ya gari lako akakuachia mchoro kwenye rangi uliyokuwa unailinda.

Tukampigia kijana wa Nairobi tena. Kinga yenu ni ipi? Akasema ni ya seramiki, inapuliziwa na vijana pale pale yadi, "saa mbili tu, mama, unaondoka nalo."

Saa mbili! Kazi ya kweli ya seramiki inachukua siku nzima na zaidi. Lazima gari lioshwe, litolewe uchafu usioonekana kwa macho, ling'arishwe kwa mashine, lifutwe mafuta yote, lipakwe kipande kwa kipande, halafu liachwe likauke mahali pasipo vumbi wala maji. Hata gari jipya linahitaji hayo, kwa sababu limesafiri kwa meli, limekaa bandarini, limeletwa kwa lori. Ukipulizia juu ya uchafu, umefungia uchafu ndani.

Adui wa rangi ni nani hapa Kakamega?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanasoma ushauri wa mtu wa Ulaya ambaye shida yake ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Wewe unaishi hapa. Hebu tuwataje adui zetu mmoja mmoja.

Jua. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ule unaopita hapo Maseno, na tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Jua la hapa linapauza. Angalia paa la gari lolote lililoegeshwa nje miaka kumi. Seramiki inasaidia kiasi. Kivuli kinasaidia zaidi.

Mvua. Hapa inanyesha karibu kila alasiri msimu ukifika, na inakuja na matope mekundu. Matope yenyewe hayana shida. Shida ni vile yanavyotolewa.

Sponji. Huyu ndiye adui mkubwa, na hakuna anayemshuku. Nilikaa pale wanapoosha magari nikahesabu: ndoo moja, kitambaa kimoja, magari manne. Kile kitambaa kilitoka kwa pikapiki iliyotoka shambani, kikaingia kwa ndoo, kikapanda boneti ya gari jeusi lililong'aa. Mchanga wote mle ndani. Ile mistari myembamba kama utando wa buibui unayoiona kwa gari nyeusi juani, haikuletwa na barabara. Ililetwa na kuoshwa.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti. Tuna miti, tuna ndege, msitu wenyewe uko hapo nyuma. Kinyesi kikikaa juani kinakula vanishi. Seramiki inakupa muda zaidi wa kukifuta, lakini haikuondolei kazi ya kufuta. Na ukiegesha chini ya mwembe, usimlaumu mtu.

Mawe. Ukienda Malava unafuata trekta za miwa, ukienda Kisumu unafuata malori ya mchanga na kokoto. Ni filamu pekee inayoweza kujibu hapa, na mawe mengi hupiga sehemu zile zile: bampa ya mbele, ukingo wa boneti, vioo vya pembeni na chini ya milango.

Na mwisho, mvua ya mawe. Hapa kwetu tunaijua, inakuja na radi zake. Hiyo ikiamua kushuka, si nta, si seramiki, wala hiyo filamu itakayokuzuilia bati lisibonyee. Ni paa la mabati tu.

Ukiangalia hiyo orodha vizuri, utaona adui wengi hawashindwi kwa kitu cha kununua. Wanashindwa kwa kivuli, kwa maji mengi, na kwa kitambaa safi.

Ile karatasi ya dhamana

Senje aliomba atumiwe masharti ya hiyo kinga ya miaka 5. Akaisoma kama anasahihisha insha, kalamu nyekundu mkononi. Kijana, hii ni sehemu ambayo wewe na mimi huwa tunaruka.

Sharti moja lilisema gari lazima lirudishwe kukaguliwa kila baada ya miezi 12. Wapi? Nairobi. Kutoka Kakamega ni safari ya siku nzima kwenda, na nyingine kurudi, na kwa gari la umeme unasimama njiani kuchaji. Ukikosa mara moja, dhamana imekufa. Sharti lingine lilisema haihusu mawe, haihusu mikwaruzo, haihusu kinyesi cha ndege kilichoachwa, haihusu kuoshwa vibaya.

"Sasa inahusu nini?" akauliza senje.

Ilihusu rangi kupauka. Kwa miaka 5. Kwa gari ambalo kiwanda chenyewe kilikuwa tayari kimeliwekea dhamana ya rangi kupauka, bila malipo, ukurasa wa nne wa kitabu cha gari.

Hapo ndipo senje alivua miwani.

Hesabu ambayo haihitaji digrii

Nilimuuliza fundi wa rangi ambaye watu wa mtaa wetu wanamwamini: bampa ya mbele ikipigwa mawe mpaka ichoshe macho, kuipaka upya ni ngapi? Akasema Sh8,000, na kwa rangi zile zenye chembe za kung'aa, inaweza kufika Sh12,000. Chukua ile ya juu. Sh148,000 gawanya kwa Sh12,000. Unapata bampa kumi na mbili. Senje angekuwa anapaka bampa upya kila baada ya miezi mitano kwa miaka mitano ndiyo afikie pesa aliyokuwa anaitishwa kulinda rangi kwa kitu ambacho, kwa maneno ya karatasi yake chenyewe, hakizuii mawe.

Halafu weka upande wa pili wa mizani ile chaja. Tangu Aprili 2023, kuna bei maalum ya umeme wa kuchajia magari iliyowekwa na EPRA, na usiku bei hiyo inashuka ikawa nusu. Gari linalochajiwa nyumbani usiku, kwa waya unaofaa, ndilo linalorudisha pesa. Hilo ndilo lilikuwa lengo la senje tangu mwanzo. Hakununua gari la umeme ndiyo ling'ae. Alinunua ndiyo aache kulipia petroli ya kupeleka sare Butere.

Na sasa ile ya tatu niliyokuambia uweke kichwani: betri. Kitu ghali kuliko vyote katika gari la umeme hakiko juu kwenye rangi, kiko chini. Matuta ya barabara zetu, mawe ya murramu, yale mashimo yanayojificha chini ya maji, yote yanatafuta tumbo la gari. Mkwaruzo wa rangi unakuaibisha mbele ya majirani. Pigo baya kwa betri linaweza kukula bei ya gari zima. Kabla hujauliza kuhusu kung'aa, uliza: bamba la chini limefunika betri vipi? Gari limeinuka sentimita ngapi kutoka ardhini? Bima yangu inalipia betri ikigongwa kutoka chini, ama inanikana? Swali hilo la bima lilimchukua wakala wa senje siku mbili kujibu, na jibu lilimfanya abadilishe mkataba. Ilimgharimu kidogo juu, na ni pesa ambayo hakuilalamikia hata mara moja.

Lakini kuna wakati inafaa

Nisikudanganye, kinga si wizi siku zote. Mimi mwenyewe nisingemkataza mtu akiwa katika moja ya hali hizi.

Kama gari lako ni jeusi ama rangi nzito, na unalipenda, na una pesa ambayo haina kazi nyingine, seramiki iliyopakwa na fundi wa kweli itakupa raha. Kulipia raha si dhambi, mradi ujue ni raha unayolipia.

Kama kila siku uko nyuma ya malori, weka filamu mbele tu: bampa, ukingo wa boneti, vioo vya pembeni. Si gari zima. Hizo ndizo sehemu zinazopigwa.

Kama unaishi Mombasa ama Malindi, hewa ya chumvi ni shida nyingine kabisa. Huko jiwe likitoboa rangi hadi kwa bati, kutu haichelewi, kwa hivyo kulinda sehemu ya mbele na kuziba kila tundu mapema kuna maana zaidi kuliko hapa kwetu.

Na kama unapanga kuliuza baada ya miaka miwili ama mitatu, rangi safi inasaidia bei. Lakini kumbuka, mnunuzi wa gari la umeme atauliza hali ya betri kabla hajatazama boneti.

Ukinunua la mtumba, tuseme Nissan Leaf kutoka Japani kama wengi wanavyofanya, usilipie kinga juu ya rangi iliyochoka. Ling'arishwe kwanza. Ukipaka seramiki juu ya mikwaruzo, unaihifadhi.

Senje alifanyaje?

Alimpigia yule kijana mwenyewe. Hakumfokea. Alimwambia, "Mwanangu, ondoa huo mstari wa mwisho, halafu unitumie karatasi safi." Kijana akasema atazungumza na meneja. Dakika kumi baadaye bei ya kinga ilikuwa imeshuka hadi Sh90,000. Nusu saa baadaye, Sh60,000. Jiulize: kitu kinachoshuka Sh88,000 kabla chai haijapoa, bei yake halisi ilikuwa ngapi?

Karatasi safi ikaja.

Chaja iko ukutani sasa. Kibanda kiliongezewa mabati mawili ndiyo pua ya gari isibaki nje mvua ikinyesha. Kwa filamu, alinunua vipande vidogo tu: kimoja pembeni mwa tundu la kuchajia, pale plagi hugonga mtu akiwa na haraka, na vingine kwenye kingo za milango. Halafu akanunua ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na vitambaa laini ambavyo haruhusu mtu mwingine kugusa. Gari linaoshwa nyumbani. Kwanza maji mengi ya kuondoa matope, ndipo kitambaa kinagusa rangi. Binamu zangu wadogo wamefundishwa kama wanafunzi wa darasa la nne, na yeyote akiangusha kitambaa chini, hicho hakirudi kwa gari.

Mwezi wa tatu, kati ya Khayega na Chavakali, lori la kokoto likarusha jiwe. Likapiga boneti, likaacha alama ndogo kama punje ya mtama. Nilikuwa nimekaa kando yake. Nikajua sasa nitaambiwa, si wewe ndiye ulisema tusilipie?

Tulipofika nyumbani alishuka, akaiangalia, akaigusa kwa kidole. Akaingia ndani akatoka na kichupa kidogo cha rangi, kile kinachotolewa na gari, chenye brashi kama ya kucha. Akadondoshea tone moja, akalipuliza.

"Sasa limekuwa langu," akasema, akachomeka chaja, akaingia kuandaa ugali.

Kwa hivyo wewe unayejipanga kununua, ukiletewa ile karatasi, uliza haya matano kabla kalamu haijagusa: Kinga hii ni nta, seramiki ama filamu? Nani anaipaka, na inachukua muda gani? Dhamana inahusu nini, na nitaenda kukaguliwa wapi? Bila hii, kiwanda kimenipa dhamana gani tayari? Na la mwisho, ambalo hakuna muuzaji atakuuliza: pesa hii ina kazi gani nyingine nyumbani kwangu?

Ukijibu hilo la mwisho na bado ukaona una chapaa ya kung'aa, buda, ng'aa. Lakini kama chaja bado haiko ukutani, ama bima haijui betri yako, ama gari litalala kwa jua na mvua, basi hiyo Sh148,000 ni nailoni ya rimoti tu.